Bobby Jones: Bingwa wa gofu aliyejua wakati wa kubadilisha fimbo

ALIPOWASILI Long Island, New York, mnamo Julai 1923 kushiriki mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, Robert Tyre Jones Junior alikuwa na umri wa miaka 21. Tayari alikuwa na shahada ya uhandisi, alikuwa akisomea nyingine ya fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Harvard, na alisifika kuwa kijana mwenye kipaji kikubwa zaidi cha gofu nchini mwake. Hata hivyo, hakuwa ameshinda taji lolote la kitaifa. Na kwa mara nyingine, mpira wake ulikuwa ukikataa kuingia shimoni.

Kabla ya mashindano hayo kuanza, Jones alikwenda kufanya mazoezi katika klabu ya Nassau iliyo katika eneo hilohilo. Mkufunzi wa klabu hiyo alikuwa Jim Maiden, Mskoti aliyemfahamu tangu utotoni mjini Atlanta. Maiden alimwona kijana akihangaika, akamtolea fimbo moja kuukuu ya kusukumia mpira shimoni. Fimbo yenyewe haikuwa na la kuvutia. Kichwa chake kilikuwa cha chuma chembamba, na mpini wake wa mbao ulikuwa umezungushiwa nyuzi mahali patatu kama mguu uliofungwa bendeji. Jones aliijaribu, mipira ikaanza kuingia, naye akaondoka nayo. Fimbo hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la Calamity Jane, mwanamke aliyevuma kwa bunduki na visa vyake katika Marekani ya magharibi ya karne ya 19.

Wiki hiyohiyo Jones alitwaa ubingwa. Tangu hapo kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kana kwamba ni fimbo iliyoshinda. Lakini anayeyafuatilia maisha ya mchezaji huyu kabla na baada ya siku hiyo huona sura nyingine. Jones alikuwa mtu mgumu sana wa kubadilisha zana zake, na kila alipobadilisha palikuwapo kasoro mahsusi ambayo zana mpya ilikuja kuitibu.

Alizaliwa Machi 17, 1902 mjini Atlanta, jimbo la Georgia, mwana wa wakili. Utotoni alikuwa mgonjwa wa tumbo, mwembamba kiasi cha kuwatia wazazi wake hofu, na kwa miaka kadhaa hakuweza kula chakula kigumu. Mnamo 1907 familia ilipanga vyumba karibu na uwanja wa gofu wa East Lake, nje kidogo ya mji, ili mtoto apate hewa safi. Huko mwanachama mmoja wa klabu alimpa fimbo yake ya zamani, ikakatwa mpini ili ilingane na kimo chake. Hiyo ndiyo iliyokuwa fimbo yake ya kwanza: moja tu, ya kupewa, iliyofupishwa.

Hakupata masomo rasmi ya mchezo huo. Mwaka 1908 Jim Maiden alihamia New York, na nafasi yake pale East Lake ikachukuliwa na ndugu yake, Stewart, mtu wa maneno machache kutoka mji wa Carnoustie, Uskoti. Mvulana alimfuata Stewart uwanjani shimo baada ya shimo, kisha akarudi nyumbani kuiga jinsi Mskoti huyo alivyoinua na kushusha mikono. Aliiga vizuri mno hata walioujua mchezo wa Carnoustie waliutambua upesi katika mwili wa mtoto wa Georgia.

Akiwa na umri wa miaka 14, mwaka 1916, alishinda ubingwa wa ridhaa wa jimbo la Georgia na kupelekwa Merion, karibu na Philadelphia, kushindania ubingwa wa ridhaa wa Marekani, yaani wa wachezaji wasiolipwa. Alifika robo fainali. Magazeti yalimpamba, na wengi wakatarajia kwamba taji lingefuata mwaka uliofuata au uliokuwa nyuma yake. Halikufuata. Ikawa kipindi ambacho waandishi wa michezo wa Marekani walikiita miaka saba ya njaa.

Tatizo halikuwa mikono yake. Lilikuwa hasira. Jones alizoea kurusha fimbo zake kila mkwaju ulipomwendea mrama, jambo alilolifanya hata pale Merion mbele ya watazamaji. Mnamo 1921, katika uwanja mkongwe wa St Andrews, Uskoti, aliharibu raundi ya tatu ya mashindano ya wazi ya Uingereza kiasi cha kujiondoa katika shimo la 11. Mwaka huohuo, katika mashindano ya ridhaa mjini St Louis, fimbo aliyoitupa iliruka na kumpiga mwanamke mguuni. Chama cha gofu cha Marekani kilimwonya kwa barua kwamba hangeruhusiwa tena kushiriki mashindano yake iwapo hangejifunza kuitawala hasira yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mchezaji yeyote wa ridhaa anayepanda daraja atalitambua. Kwa kawaida, mwenye fimbo za bei nafuu anapokwama huona dawa iko dukani. Jones alikuwa mwana wa familia yenye uwezo. Angeweza kununua seti nyingine kila msimu. Waswahili wana msemo kwamba mchagua jembe si mkulima, na msemo huo una ukweli wake, ingawa mkulima mwenye jembe lililopinda naye huumia bure. Kazi ni kupambanua kama lililopinda ni jembe au ni mgongo. Katika miaka ile saba Jones alihitaji kunyoosha mgongo. Baada ya onyo lile la 1921 alianza kujirekebisha, na mwaka 1922 alikosa ubingwa wa wazi wa Marekani kwa mkwaju mmoja tu nyuma ya Gene Sarazen.

Kwa hiyo kijana aliyepokea Calamity Jane mwaka 1923 hakuwa tena yule mrusha fimbo. Mikwaju yake mirefu ilikuwa imekamilika, hasira ilikuwa imepungua, na kilichosalia kumwangusha kilikuwa kitu kimoja kinachoonekana: mikwaju mifupi ya mwisho. Alibadilisha fimbo hiyo moja. Nyingine hakuzigusa.

Mashindano yenyewe, katika uwanja wa Inwood, yalimtesa hadi mwisho. Aliharibu shimo la mwisho la raundi ya nne, akalingana na Bobby Cruickshank, Mskoti mfupi wa kimo lakini mkubwa wa moyo, ikabidi wacheze raundi ya ziada ya mashimo 18. Walifika shimo la 18 wakiwa sawa. Mpira wa Jones ulikuwa kwenye udongo mtupu pembeni mwa njia, takriban mita 170 kutoka shimoni, na mbele yake palikuwa na maji. Alichomoa fimbo ya chuma ya mkwaju mrefu bila kusitasita, akaupiga mpira ukapaa juu ya maji na kutua kiasi cha mita mbili tu kutoka shimoni. Alishinda kwa mikwaju 76 dhidi ya 78. Calamity Jane ilikuwa mfukoni mkwaju huo uliompa ubingwa ulipopigwa.

Hata hivyo, si haki kuinyima fimbo hiyo sifa yake. Uso wake ulikuwa umeinama takriban digrii nane, zaidi ya fimbo nyingi za kusukumia za siku hizi, na hilo lilifaa nyasi za wakati ule ambazo hazikukatwa fupi kama za leo: mpira uliinuka kidogo kutoka majanini kabla ya kuanza kubingiria. Ilimfaa mwenyewe na ilifaa viwanja alivyochezea. Aliibeba akashinda pia ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1924 na 1925.

Kisha ikachakaa. Vichwa vya fimbo vya zama hizo vilishika kutu, navyo vilisuguliwa mara kwa mara ili ving'ae. Baada ya kusuguliwa miaka mingi, uso wa Calamity Jane haukuwa tena bapa, na mpira haukutoka jinsi ulivyokusudiwa. Mchezaji mwingine angeitumia nafasi hiyo kujaribu mtindo mpya. Jones aliagiza nakala. Kampuni ya Spalding ilimtengenezea fimbo iliyofanana na ile ya zamani, naye kuanzia 1926 akaitumia hiyo. Kati ya mataji yake makubwa 13, matatu yalipatikana kwa fimbo ya kwanza, na kumi kwa nakala hiyo.

Seti iliyobaki aliikusanya kwa subira ya aina hiyohiyo. Siku hizo kila mpini ulitokana na mti wa hikori, na hakuna miti miwili inayofanana. Mmoja hupinda zaidi, mwingine hujisokota mkononi, wa tatu huvunjika katikati ya msimu. Mchezaji aliingia katika karakana, akashika fimbo kadhaa, akazipunga hewani na kuchagua ile iliyomjibu vizuri. Fimbo za chuma alizozitumia Jones zilitoka hasa kwa Tom Stewart, mhunzi wa St Andrews. Ile ndefu ya mkwaju wa kwanza, aliyoiita Jeannie Deans kwa jina la mhusika wa riwaya ya Walter Scott, ilitengenezwa na Jack White, aliyekuwa bingwa wa wazi wa Uingereza mwaka 1904. Fimbo iliingia mfukoni mwake moja moja, na ilikaa tu ikiwa ilihisika mkononi kama zenzake.

Ikumbukwe pia kwamba Jones hakulipwa na yeyote. Wachezaji wa kulipwa wa enzi hizo, kama Walter Hagen, walikuwa na majina yao yamepigwa chapa kwenye fimbo zilizouzwa madukani, na riziki yao ilitegemea watu kununua toleo jipya. Jones alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Emory, akafaulu mtihani wa uwakili kabla hata ya kumaliza masomo, akaoa mwaka 1924 na kulea watoto watatu. Gofu aliicheza katika nafasi aliyoipata, nyingine ya mwaka akiwa ofisini. Hakuwa na kiwanda cha kukipigia debe, na huenda huo ndio uliokuwa uhuru wake mkubwa.

Uhuru huo ulijaribiwa chuma kilipokuja. Katikati ya miaka ya 1920 Marekani iliruhusu mipini ya chuma cha pua, na mwishoni mwa 1929 wasimamizi wa mchezo huo katika mji wa St Andrews nao wakakubali. Faida zake hazikuwa siri. Mpini wa chuma haujisokoti kama hikori, haunyonyi unyevu, na kiwanda kinaweza kutoa elfu moja zinazofanana. Mchezaji wa kawaida aliyenunua fimbo za hikori dukani alibahatisha. Aliyenunua za chuma alijua anachopata. Kwa wengi huo ulikuwa wakati halali kabisa wa kubadilisha.

Jones hakubadilisha. Msimu wa 1930, huku chuma kikiwa kimeruhusiwa pande zote mbili za bahari, alibeba hikori zake zilezile. Wapo waliomwona kama mshamba wa mambo mapya. Lakini hesabu yake inaeleweka. Alikuwa ameshatumia miaka mingi kupata fimbo zinazolingana, kitu ambacho chuma kilikuwa ndiyo kwanza kimewaahidi wengine. Kubadilisha kungemlazimu kujifunza upya mikono yake, na muda hakuwa nao, kwa kuwa alidhamiria kushinda mataji makubwa manne ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

Mnamo Mei 31, 1930 alitwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza katika uwanja wa St Andrews, palepale alipojiondoa kwa hasira miaka tisa kabla. Wiki tatu baadaye alikuwa Hoylake, karibu na Liverpool, kuwania ubingwa wa wazi. Na hapo, mtu huyu aliyekataa mipini mipya alichomoa mfukoni fimbo ngeni kuliko zote.

Ilikuwa fimbo nzito ya kutolea mpira mchangani, yenye uso uliobonyea kama kijiko, iliyouzwa kwa jina la Hagen. Jones aliipata mwaka huohuo kutoka kwa Horton Smith, kijana wa kulipwa. Mchanga ulikuwa umewashinda wachezaji kwa miaka mingi, kwa sababu fimbo za kawaida zenye makali membamba zilizama ndani yake. Hii ilikuwa kasoro halisi, na fimbo hiyo ilikuwa jibu lake. Katika raundi ya mwisho Jones alikuwa tayari ameharibu shimo la 8 kwa mikwaju saba, yote kutokana na mikwaju mifupi ya kizembe ambayo hakuna fimbo ingeiokoa. Alipofika shimo la 16 mpira wake ulikuwa mchangani, mahali pabaya, mguu wake mmoja ukikanyaga ukingo. Aliushusha ule mzigo wa chuma. Mpira ukatoka, ukavuka nyasi fupi na kusimama karibu kabisa na shimo. Alishinda kwa tofauti ya mikwaju miwili.

Mwaka uliofuata nyuso zilizobonyea zilipigwa marufuku, kwa hoja kwamba ziliweza kuugusa mpira mara mbili katika pigo moja. Waliokuwa wamekimbilia kuzinunua walibaki na chuma kisichoruhusiwa mashindanoni. Aliyelipata suluhisho la kudumu alikuwa Sarazen, aliyetengeneza fimbo yenye kitako kipana chini na kushinda nayo ubingwa wa wazi wa Uingereza mwaka 1932.

Jones alirudi nyumbani, akashinda ubingwa wa wazi wa Marekani mjini Minneapolis mwezi Julai, kisha ubingwa wa ridhaa pale Merion mnamo Septemba 27, akimlaza Eugene Homans huku mashimo saba yakiwa bado hayajachezwa. Mataji manne, mwaka mmoja. Novemba mwaka huo alitangaza kustaafu mashindano. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Hapo ndipo alipobadilisha seti nzima, tena ya kubuni mwenyewe. Baada ya kuiacha hadhi ya ridhaa, alitengeneza filamu fupi za mafunzo pamoja na kampuni ya Warner Brothers, kisha akashirikiana na wahandisi wa Spalding kuunda fimbo za mipini ya chuma. Shahada yake ya uhandisi ilipata kazi. Mipini hiyo ilivishwa ganda la rangi ya manjano lililoifanya ifanane na mbao, ili mnunuzi asishtuke. Badala ya majina ya Kiskoti ya zamani, kila fimbo ilipewa namba, na seti nzima ilipangwa ihisike sawa mkononi.

Inasimuliwa kwamba hikori zake za zamani zilipopimwa kiwandani, ziligunduliwa kuwa zinalingana kwa kiwango cha kushangaza, isipokuwa moja, ile inayokaribiana na namba 8 ya leo. Jones alikuwa amelalamika siku zote kwamba fimbo hiyo humsumbua. Mikono yake ilikuwa imejua kile ambacho mashine ilikuja kuthibitisha. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikihamia chuma: Billy Burke alishinda ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1931 akitumia mipini hiyo, na hikori ikaanza kutoweka viwanjani.

Pamoja na Clifford Roberts na mchoraji wa viwanja Alister MacKenzie, Jones alianzisha klabu ya Augusta National katika jimbo lake la Georgia. Mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1934, na mshindi alikuwa Horton Smith, yuleyule aliyempa fimbo ya mchangani. Klabu hiyo ina upande wake wa aibu usiopaswa kufichwa na sifa za mwanzilishi. Weusi walibeba mifuko ya wachezaji pale kwa miongo mingi, lakini Lee Elder, Mwafrika-Mwamerika wa kwanza kucheza katika mashindano hayo, alifika mwaka 1975, na mwanachama mweusi wa kwanza alikubaliwa mwaka 1990. Jones, muungwana aliyesifiwa kwa kujiadhibu mwenyewe mkwaju mmoja mwaka 1925 kwa kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona, aliishi ndani ya mpangilio huo na hakuuvunja.

Katika Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na jeshi la anga na kufika Normandy, Ufaransa, mwezi Juni 1944. Miaka minne baadaye mwili ulianza kumsaliti. Mikono ilikufa ganzi, miguu ikalegea. Agosti 1948 alicheza raundi yake ya mwisho, katika uwanja uleule wa East Lake alikojifunzia. Alipasuliwa mara mbili, na ugonjwa ukatambuliwa kuwa ule unaotoboa uti wa mgongo taratibu kutoka ndani. Alitembea kwa mkongojo, kisha kwa vyuma vya miguu, na hatimaye kwa kiti cha magurudumu. Mnamo 1958 mji wa St Andrews ulimpa uraia wa heshima, Mmarekani wa kwanza kupewa tangu Benjamin Franklin mwaka 1759.

Jones alifariki Desemba 18, 1971 akiwa na umri wa miaka 69. Calamity Jane ya kwanza, yenye uso uliochakaa, imehifadhiwa katika klabu ya Augusta National. Nakala yake iko katika hifadhi ya chama cha gofu cha Marekani. Mwenyewe alizikwa katika makaburi ya Oakland mjini Atlanta, ambako wageni wanaolizuru kaburi lake huacha mipira ya gofu juu ya nyasi.